MREJESHO: Hesabu ya Hi-Lo (mfumo wa kuhesabu karata kwenye blackjack ili kujua lini upandishe dau) kuishia +4 badala ya sifuri

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kwa nini nikihesabu pakiti moja ya karata 52 naishia +4, na kwa nini dau kubwa kwenye meza ya pakiti 6 haliendani na hesabu. Majibu yamepatikana, nayaweka hapa yamsaidie mwingine.

Kosa la kwanza lilikuwa namba 7, nilikuwa naipa +1. Kwenye Hi-Lo, 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 ni sifuri, 10 hadi A ni -1. Saba inapewa +1 kwenye mfumo mwingine wa kuhesabu, KO, na ziko nne. Ndiyo ile +4. Kipimo kizuri: ficha karata moja, hesabu 51 zilizobaki. Ukiishia +1, iliyofichwa ni 10 au kubwa zaidi.

La pili ndilo zito. Hesabu inayokwenda (jumla ya +1 na -1 za karata zilizotoka) lazima igawanywe kwa pakiti ZILIZOBAKI, siyo zilizotoka. +8 zikiwa zimebaki pakiti 4 ni +2 tu. Zikibaki 2 ni +4, na hapo dau linapanda kwa haki. Nilikuwa nagawanya kwa zilizotoka, hivyo mwanzoni mwa mchezo kila kitu kilionekana kikubwa mno. Angalia rundo la karata zilizotumika, toa kwenye 6.

Bima (dau la pembeni kwamba mgawa karata ana blackjack): usiichukue chini ya +3 baada ya kugawanya.

Na meza inayolipa 6 kwa 5 ukipata blackjack, yaani A na karata ya thamani 10 (dau 10 linaleta 12 badala ya 15), au yenye mashine inayochanga karata mfululizo, achaneni nayo kabisa.