AMELIPULIZA! Chujio la saa 24, mtu mzima AMELIPULIZA!

Mlinzi_wa_Paa:
Jameni, mikono bado inatetemeka. Nyote mnamjua, yule wa beji shingoni hata akienda msalani. Leo asubuhi amepanda paani hapa Industrial Area na wageni wake, akafungua mashine yangu ya kupima vumbi la hewani, akatoa chujio kwa vidole, VIDOLE VYA MANDAZI, akasema "hili limechafuka", akalipuliza. Fuu! Kama anapoza uji.

Uchafu huo ndio tuliokuja kuutafuta! Pampu imekesha ikivuta lita 16.7 kila dakika, na vumbi lote la siku nzima mara nyingi halifiki miligramu moja. Mizani yetu inasoma maikrogramu. Mafuta ya kidole chake yana uzito kuliko moshi wa matatu zote za Jogoo Road! Sisi wenyewe tunalishika kwa kibano, linaingia kwenye kisahani chake, linafunikwa, linasafiri kwenye kasha la barafu. Yeye, fuu!

Na zile mashine ndogo tunazozilinganisha na chujio, zinazosoma vumbi kwa mwanga kila dakika, baridi hii ya Julai unyevu ukipanda chembe zinavimba maji, na mashine inaona moshi usiokuwepo. Bila chujio lililokaa kwenye chumba kikavu likapimwa uzito, utajuaje imezidisha kiasi gani? WHO ilishusha kiwango cha mwaka cha chembe ndogo za hewani (PM2.5) hadi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2021. Mama wa Mukuru mwenye mtoto anayekohoa nimpelekee namba za kubahatisha?

Siku 19 bila kasoro. Halafu fuu! Na amenawa mikono BAADA ya kupuliza.

Shemeji_Donholm:
Pole sana. Si ndiye aliyechomoa waya wa pampu achaji simu? Tulidhani ameokoka.

Kijana_wa_Stage:
Yaani makelele yote haya ni ya karatasi? Weka ingine kesho, moshi wa Nairobi hauishi.

Mlinzi_wa_Paa:
Kesho ni hewa ya kesho! Mashine zote zinapaswa kuvuta hewa ile ile, saa zile zile, ndipo ulinganishe. Ya jana nitaitoa wapi? AMELIPULIZA, unasoma lakini?

Mama_Njugu:
Afadhali wewe umepulizwa mara moja. Jirani yangu huku Kayole anachoma plastiki kila Jumapili, shuka zinanuka tairi. Njoo upime hapa.

Kijana_wa_Stage:
Mama, sisi tuna jenereta chini ya dirisha. Stima ikipotea tu, hulali.

Mama_Njugu:
Kwenu angalau inarudi. Transfoma yetu imekufa tangu Jumanne, nyama yote imeoza.

Mlinzi_wa_Paa:
Turudi kwa chujio tafadhali. Alilipuliza mbele ya wageni!

Shemeji_Donholm:
Mama Njugu, transfoma gani, ile ya karibu na kanisa?

Mama_Njugu:
Hiyo hiyo. Na wakija wanataka chai kwanza.