Klasi yangu ya fremu ya data katika R inapoteza sifa ninapochagua safu: naomba ushauri

MwanaKirumba:
Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninachakata kwa R, lugha ya programu ya takwimu, rekodi za samaki wanaoshushwa katika mialo ya huku Mwanza, na nimezitengenezea klasi ya S3 (mfumo mwepesi wa klasi wa R) iitwayo "mavuno", iliyojengwa juu ya data.frame, yaani jedwali la data. Ina safu wima za mwalo, aina, urefu na uzito, pamoja na sifa "kipimo" inayoonyesha kama uzito uliandikwa kwa kilo au kwa gramu. Nikichuja sangara wadogo kwa `m[m$urefu < 50, ]` kila kitu hubaki salama. Nikiandika `m[c("aina", "uzito")]`, jina la klasi linabaki lakini kipimo kinatoweka. Na `m[, "uzito"]` hunipa vekta ya kawaida. Je, niandike mbinu yangu ya kukata (toleo la `[` la klasi hii), au ipo njia nyepesi zaidi?

FundiTakwimu:
Data yako haina kasoro; ndivyo R ilivyo. Safu wima zikichaguliwa, fremu hukatwa kama orodha, na orodha ikikatwa hubakiwa na majina tu, baada ya hapo `[.data.frame` hurudisha majina ya safu mlalo na klasi, basi. Ndiyo maana hata `subset(m, urefu < 50)` itakupotezea kipimo, ingawa umechuja safu mlalo peke yake, kwa kuwa kwa ndani huchagua pia safu wima zote. Hilo huwasumbua wengi. Andika hivi (`NextMethod()` huendelea na ukataji wa kawaida wa data.frame):

```
`[.mavuno` <- function(x, ...) {
  y <- NextMethod()
  if (is.data.frame(y))
    attr(y, "kipimo") <- attr(x, "kipimo")
  y
}
```

Usiite `[.data.frame` moja kwa moja kwa kukipangia i na j (safu mlalo na safu wima), kwa sababu kitendakazi hicho huhesabu hoja ulizopitisha ili kitofautishe `m[1]` na `m[1, ]`. Hesabu ikivurugika, utapewa safu mlalo ulipotaka wima. Kuhusu vekta, ongeza `drop = FALSE` au andika `m["uzito"]`.

BintiNansio:
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila kwa maoni yangu klasi inayong'ang'ania baada ya safu muhimu kuondoka ni hatari kuliko klasi iliyopotea. Ukibakiwa na mwalo pekee, `print.mavuno` (mbinu ya kuchapisha klasi yako, kama unayo) itautafuta uzito isiupate. Ndani ya sharti lile lile, kagua kama uzito bado upo. Kama haupo, ondoa kipimo na urudishe data.frame ya kawaida. Kifurushi cha sf, cha data za kijiografia, kimechagua njia nyingine: safu ya jiometria hufuatana na safu nyingine hata usipoitaja. Ukitumia dplyr, kifurushi cha kuchakata majedwali, tangu toleo 1.0.0 la mwaka 2020 kuna `dplyr_reconstruct()`, ambayo unaweza kuiandikia mbinu ya klasi yako.

MwanaKirumba:
Ahsanteni sana. Nitarudisha data.frame ya kawaida. Je, ukaguzi huo utanasa pia `m$uzito <- NULL`?

FundiTakwimu:
Hautanasa, maana amri hiyo haipiti kwenye `[` bali kwenye `$<-`, na klasi itabaki kama ilivyokuwa. Weka ukaguzi katika kitendakazi kimoja kidogo, kisha ukiite kutoka `[.mavuno`, `$<-.mavuno` na `[[<-.mavuno`.