Mjadala: Je, sheria ya 1893 iliipokonya Po Leung Kuk uhuru wake?

Wapo wanaoshikilia kwamba serikali ya kikoloni ya Hong Kong, ilipoitungia sheria jumuiya ya hisani ya Po Leung Kuk mwaka 1893, iliwapokonya Wachina chombo walichokiunda kwa mikono yao wenyewe. Naiheshimu hoja hiyo lakini siikubali, kwa kuwa inamsahau yule ambaye jumuiya iliundwa kwa ajili yake.

Mwaka 1878 wafanyabiashara wenye asili ya Dongguan, wilaya ya kusini mwa China, walimwomba Gavana John Pope Hennessy ruhusa ya kuunda jumuiya ya kupambana na watu waliokuwa wakiwateka wanawake na watoto na kuwauza, wengine kwenye madanguro, wengine ng'ambo. Jumuiya iliajiri wapelelezi wake, ikawahifadhi waliookolewa katika vyumba vya Hospitali ya Tung Wah na kuwatafutia jamaa zao. Kazi hiyo ilikuwa njema na ya lazima, wala sijasikia anayeipinga.

Lakini hebu tutazame jinsi mwanamke aliyeokolewa alivyotoka humo. Ikiwa hakuwa na jamaa wa kumpokea, aliweza kuozwa: mwanamume alipeleka maombi, akachunguzwa, akaleta wadhamini, akajifunga kwa maandishi kwamba hatamuuza wala kumtia katika ukahaba. Utaratibu huo ulikuwa wa busara, ila ni mamlaka makubwa mno juu ya maisha ya mtu, na kwa miaka mingi yalikuwa mikononi mwa kamati isiyokuwa na sheria yake yenyewe. T. H. Whitehead, meneja wa benki na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliishambulia jumuiya kwa ukali uliojaa shaka dhidi ya Wachina, na katika hilo sitamtetea. Hata hivyo, kuhoji wanawake hao wanazuiliwa kwa idhini ya nani lilikuwa swali la haki. Msajili Mkuu, yaani afisa wa serikali aliyesimamia mambo ya Wachina, James Stewart Lockhart, aliitetea jumuiya kwa nguvu zote, na mvutano huo ndio uliozaa sheria ya 1893, iliyoipa jumuiya nafsi ya kisheria na kuiwekea bodi ya kudumu chini ya uenyekiti wa Msajili Mkuu mwenyewe.

Kwa maoni yangu, kosa la serikali ni kuishia njiani. Kamati ilibaki ya matajiri, tabaka lile lile ambalo nyumba zake zilitumikiwa na mui tsai, yaani wasichana walionunuliwa kwa wazazi wao. Mwaka 1879, Jaji Mkuu John Smale alipoulaani ununuzi huo kuwa ni utumwa, wafanyabiashara walijitetea kwamba ni desturi, tena ni msaada kwa maskini, na serikali ikawaachia. Sheria ya 1893 haikuligusa jambo hilo. Wasichana hao hawakuanza kusajiliwa hadi 1929.

Kwa hiyo, anayesema kwamba usimamizi wa serikali ulizidi mpaka, naomba atueleze: msichana aliyetoroka nyumba ya tajiri akakimbilia Po Leung Kuk, angepeleka malalamiko yake kwa nani, iwapo bwana wake na wanakamati walikuwa watu wa meza moja, na juu yao hapakuwa na wa kuwauliza?