Naomba ushauri: maoni ya chakula cha barabarani Bangkok, niyaamini?

BwanaKenia: Jambo wote. Niko Lubumbashi, naenda Bangkok kununua nguo soko la Pratunam, na safari hii naenda na mke wangu. Nataka nimpeleke kwa Jay Fai, yule mama anayekaanga omleti ya kaa kwenye moto wa makaa akiwa amevaa miwani mikubwa. Mtandaoni mmoja anampa nyota tano, mwingine analia bei ni wizi. Nimsikilize nani?

MwanaKamalondo: Usimsikilize yeyote. Mwaka 2017 jamaa wa London alisajili kibanda cha bustanini kwake kama mgahawa kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri. Rafiki zake wakaandika sifa, kibanda kikawa namba 1 London kabla hakijampikia mteja hata mmoja.

MamaKatuba: Hata Michelin, ule mwongozo wa mikahawa unaotoa nyota, una mambo yake. Idara ya utalii ya Thailand ilikubali kutoa bahti milioni 144 kwa miaka mitano ili mwongozo uje kwao, na Jay Fai akapata nyota Desemba 2017. Sisemi hajui kupika! Ila mimi hata michopo, nyama ya kuchoma, nachagua kwa macho. Nikiona nyama ya mbuzi inatoka motoni sasa hivi, mafuta yanachuruzika, nakaa. Ikiwa imepangwa kando inapashwa tu, napita.

PapaDereva: Singapore nako, Hawker Chan alipewa nyota 2016 kwa kuku wa soya, 2021 ikaondolewa. Mpakani Kasumbalesa malori yakikwama, kuna mama anapika bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo). Hakuna aliyemwandikia maoni, na sufuria yake haifiki saa nane.

YayaNadine: Bibi yako anakula kila kitu?

BwanaKenia: Yaya, kuna jambo dogo. Krevete, wale kamba wa baharini, humvimbisha. Kwenye harusi fulani midomo ilijaa, macho yakafumba, dispensari wakamchoma sindano. Lakini kaa si krevete! Tena nimeshamwahidi, na wakala wa kutushikia nafasi nimemlipa.

YayaNadine: Hilo si dogo hata kidogo. Wengi wanaodhurika na krevete hudhurika na kaa pia. Na pad thai, tambi za kukaanga, huwekwa krevete wakavu, som tam, saladi ya papai bichi, vilevile, na kapi ni krevete waliosagwa kwa chumvi. Aliyetoa nyota tano hakuyaandika kwa sababu yeye hayamdhuru.

MwanaKamalondo: Ngojeni. Bibi alivimba hadi sindano, na mtu anauliza bei ya omleti? Halafu wakala anajitokeza ghafla? Hii imetungwa. Kesho atatupa namba ya huyo wakala.

BwanaKenia: Sitangazi mtu! Foleni ya pale ni ya masaa, ndiyo maana nililipa. Nitamwagizia wali wa kukaanga bila kaa.

MamaKatuba: Kwenye karai lililotoka kukaanga kaa?

MwanaKamalondo: Weka picha ya tiketi.

YayaNadine: Achaneni na tiketi. Bwana, kabla ya safari mpeleke kwa daktari, muulizie sindano ya adrenalini ya kusafiri nayo. Na abebe kadi ya Kithai inayosema hali krevete wala kaa.

BwanaKenia: Hapa Lubumbashi nani ataniandikia Kithai?