Naombeni ushauri: niache uwakili wa serikali upelelezi ukiwa katikati?

Jalada Zito: Wakuu, habari za usiku. Mimi ni wakili wa serikali, nipo kwenye timu inayochunguza kashfa ya zabuni inayowagusa wanasiasa wakubwa. Kazi yenyewe ni makaratasi: mikataba, taarifa za benki, fedha zinazozungushwa kampuni tatu nne kabla ya kumfikia mlengwa. Bado hatujamshtaki mtu. Jalada linarudishwa kwa wapelelezi kila mara, wenzangu wanahamishwa, juzi nimetoka mbele ya hakimu nikitetemeka. Sasa nimepata kazi kwenye ofisi binafsi ya mawakili, mshahara mnono. Niende au nibaki?

Sina Chama: Nenda, serikali haina shukrani. Mimi nimeitumikia hadi nywele zikageuka nyeupe, mafao yakacheleweshwa mpaka nikakopa. Hakikisha barua yako ya kuthibitishwa kazini ipo, maana yangu ilipotea na...

Mama Rufaa: Mwanangu, kule Marekani Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu aliyechunguza kashfa ya Watergate, alidai kanda za mazungumzo ya Rais Nixon, akafukuzwa Oktoba 20, 1973. Mwanasheria Mkuu Richardson alijiuzulu kuliko kumfukuza, na naibu wake Ruckelshaus naye akakataa. Lakini kazi haikufa. Mwendesha mashtaka mpya, Jaworski, aliipokea, na Julai 1974 Mahakama ya Juu ikaamuru kanda zitolewe, majaji 8 kwa 0. Wewe hata kufukuzwa hujafukuzwa, unakimbia nini?

Kanzu Nyeusi: Hiyo ofisi inamtetea nani?

Jalada Zito: Ni ofisi kubwa mkuu, ina wateja wengi.

Kanzu Nyeusi: Sikuuliza ukubwa wake.

Jalada Zito: Sawa. Inamtetea mmoja wa watu tunaowachunguza. Lakini mimi nitakaa upande wa mikataba, kesi hiyo siigusi! Tumekutana nao mara kadhaa na hakuna aliyeitaja. Masharti nimeyakubali kwa mdomo, imebaki sahihi tu. Nina watoto wa kusomesha, na siri ya serikali sijatoa hata moja.

Pata Shika: Kumbe ulikuja kuchukua baraka, si ushauri 😂

Kanzu Nyeusi: Kutoa siri ni jambo jingine. Mgongano wa maslahi ulianza siku mlipoanza kuzungumzia ajira. Tazameni Brazili: jaji Sergio Moro alimtia hatiani Lula, rais mstaafu wakati huo, mwaka 2017, mwaka 2019 akawa waziri wa sheria wa Rais Bolsonaro, mpinzani wa Lula, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hakuwa amemtendea Lula haki bila upendeleo. Hukumu zikawa zimeshafutwa. Kazi ya watu wengi ilikwenda na maji.

Msomaji wa Usiku: Wakuu, hii ni chai. Anasema hawajamshtaki mtu, halafu juzi alikuwa mbele ya hakimu. Hakimu wa nini?

Pata Shika: Eeh! Na wakili wa jalada kama hilo aje kujianika huku?

Mama Rufaa: Nami nimeanza kuingiwa na shaka.

Kanzu Nyeusi: Msiharakishe. Kabla ya mashtaka mnaweza kwenda kuomba amri ya upekuzi, au amri ya benki kutoa taarifa za akaunti.

Jalada Zito: Ndicho nilichokwenda kuomba. Taarifa za benki.

Kanzu Nyeusi: Za nani?

Jalada Zito: Za mteja wao.

Mama Rufaa: Mungu wangu.

Kanzu Nyeusi: Basi asubuhi usifungue jalada. Mwandikie mkuu wako: itaje ofisi, zitaje tarehe za mazungumzo, omba kuondolewa kwenye timu. Atakayepokea ayapitie upya maombi yako. Ile ofisi usiijibu kwanza.

Jalada Zito: Nikiitaja, wataghairi. Na mkuu wangu ataniona msaliti.

Sina Chama: Mafao asiyasahau jamani.

Kanzu Nyeusi: Wakili wa utetezi wa mtuhumiwa mwingine akiligundua hili kabla ya mkuu wako, utahojiwa wewe badala ya watuhumiwa.

Jalada Zito: Naandika. Tulianza kuongea kabla sijapeleka yale maombi ya benki. Niiweke na hiyo?

Kanzu Nyeusi: Anza na hiyo.