Nikikaa kuandika hadithi sipati pa kuanzia. Ninyi mnaanzia wapi?

Kalamu Kavu:
Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi fupi, si kwa kulipwa, ni kupenda tu. Shida yangu ni kuanza. Nafungua daftari, naandika juu kabisa UFISADI au NDOA ZA UTOTONI, halafu nusu saa inapita sina hata jina la mhusika. Nikilazimisha, napata mzee mwenye kitambi na binti anayelia. Mbegu mnaziokota wapi?

Bint Pwani:
Mimi daladala. Nakaa siti ya nyuma ya dereva nasikiliza watu wakiongea na simu. Mtu akisema "niko Ubungo hapa" na sote tunaiona Kariakoo dirishani, nimepata kazi ya wiki nzima.

Fundi Redio:
Kalamu Kavu, hilo ni la shuleni. Tulifundishwa kuchambua: dhamira, wahusika, mandhari, tukajibu mtihani, tukadhani mwandishi naye alianzia kwenye dhamira. Wewe unaanza na jibu la mtihani.

Chanzo changu mimi ni matangazo ya vifo. Msishtuke. Nimetengeneza redio miaka mingi, na redio ikiwa mezani unasikiliza kilichopo. Mpaka Radio One ilipoanza mwaka 1994, kilichopo kwa wengi wetu kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na simu za mkononi zilikuwa bado, kwa hiyo msiba wa Kigoma uliweza kuwafikia watu wa Tanga kwa njia hiyo. Tangazo lilikuwa na mpangilio wake. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mazishi kesho saa kumi. Kisha yanakuja maneno ambayo yalinifanya niongeze sauti: "Habari ziwafikie..."

Chukua mfano huu niliotunga mwenyewe: "Habari ziwafikie Bwana Juma wa Korogwe, Mwalimu Hamisi wa Tukuyu, na Zaituni popote alipo." Wanaume wawili wana mahali pao. Zaituni hana. Nani alitamka "popote alipo" pale kwenye dirisha la kupokelea matangazo, karani kashika kalamu anasubiri? Kuna aliyetaka asitajwe kabisa? Mbona katajwa wa mwisho, tena bila hata "Bi"? Simjui Zaituni, lakini tayari nawaona ndugu wawili kwenye foleni wanabishana kwa sauti ya chini, na mmoja wao ndiye mwenye hela ya tangazo. Naandika yale mabishano. Marehemu simgusi. Dhamira itajijua yenyewe.

Siku hizi matangazo yamehamia kwenye magrupu ya WhatsApp na yamepungua utamu (neno baya kwa msiba, ila mmenielewa), maana orodha ya majina imepisha namba ya kutumia rambirambi. Hata hivyo namba nayo ina mambo yake. Kwa nini ni ya shemeji na si ya mtoto mkubwa?

Mpita Njia:
Mzee wangu, kwa heshima zote, huko si kula kwenye misiba ya watu?

Fundi Redio:
Ndiyo maana majina natunga na mahali nabadilisha. Ninachochukua ni lile swali tu. Nikiwa nawafahamu wafiwa, naacha kabisa, hata kama ni hadithi ya kufa mtu. Bint Pwani naye asimwandike abiria wake na shati lake lile lile.

Bint Pwani:
😂 Shati nilishabadilisha.

Kalamu Kavu:
Shikamoo mzee. Nimejaribu hiyo ya namba. Mwanzo wangu huu: "Msiba ni jambo zito kwa kila familia. Shemeji alitaja namba yake kabla hajaulizwa, na kaka akakirudisha kikombe cha chai mezani." Niendelee?

Fundi Redio:
Marahaba. Futa sentensi ya kwanza, uendelee. Na utuambie kaka kaudhika na nini, maana mimi sidhani kama ni hela.