Naomba ushauri: bosi anataka tuvunje kuta zote ofisini

Wakuu, habari za kazi. Tuko watu 14, ofisi ya uhasibu na kodi, ghorofa ya nne Kariakoo. Bosi kaniachia nisimamie ukarabati, na tayari kashaona picha mtandaoni: kuta chini, meza moja ndefu, vioo kila upande, mimea, na hakuna mwenye kiti chake. Anayewahi ndiye anayekaa.

Mimi roho inasita. Mteja anakuja na barua ya deni la TRA, atajieleza vipi huku watu kumi wametega masikio? Halafu mwaka 2018 Bernstein na Turban wa Harvard walipima kampuni mbili zilizohamia ofisi za wazi. Mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikapanda. Nilimwonyesha bosi, akacheka tu.

Hivyo vioo navyo! Madirisha yetu yanatazama magharibi. Ikifika saa tisa jua linapiga kwenye kompyuta mpaka dada wa mapokezi ametundika khanga.

Nimefikiria tuache ukumbi wazi ila tujenge vyumba viwili vidogo vya wateja na simu. Je, ukuta wa jipsamu unazuia sauti kweli, au lazima ujazwe kitu katikati? Na meza za kupanda na kushuka, mafundi wa Keko wanaziweza, au ni za kuagiza tu? Aliyewahi kufanya anipe na makadirio ya gharama, fundi wangu kila siku ana bei mpya.